Bwawa Tunalo, Transfoma Je?

Ndugu zangu, kiyoyozi cha ukumbi huu kimewekwa nyuzi 18, na kina mama pale nyuma wameshajitanda khanga. Tupandishe hadi 25, kisha tuendelee.

Gridi yetu, yaani mtandao wa umeme wa taifa, inakwenda kwa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Matumizi yakiizidi mitambo, hezi zinashuka. Zikishuka mno, vifaa vya ulinzi vinakata baadhi ya laini ili nchi nzima isizimike. Kwa hiyo Februari, joto linapopamba moto, chumba cha udhibiti kinahangaikia saa chache tu za kilele, matumizi yanapopanda kuliko saa zote. Mtambo wa maji huingia kazini ndani ya dakika, na Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo inasaidia, ila hewa ya moto ni nyepesi, hivyo mitambo hiyo hutoa umeme pungufu siku ileile tunayouhitaji.

Sasa mtaniuliza: mbona Tabata, Dar es Salaam, saa tatu usiku feni inazunguka kwa kujivuta? Tazameni juu ya nguzo. Transfoma ilifungwa wakati mtaa una nyumba za feni. Leo kiwanja kilekile kina ghorofa, kila mpangaji na kiyoyozi chake; mzigo unaizidi transfoma, na umeme unafika nyumbani ukiwa dhaifu. Zamani usiku mafuta ya transfoma yalipata kupoa. Siku hizi usiku ndipo mzigo unapopanda, na mafundi wana kanuni: ikishapita joto iliyotengenezewa, kila nyuzi 6 hivi za ziada hukata umri wa karatasi ya ndani, ile inayohami nyaya zake, kwa nusu. Bwawa haliwezi kutibu hilo. Dawa ni kugawa mzigo sawasawa kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazobeba umeme, kuongeza transfoma, na sisi wateja kupunguza.

California, tarehe 6 Septemba 2022, matumizi ya umeme yalipita megawati 52,000. Jioni serikali ikatuma ujumbe wa simu: punguzeni. Ndani ya nusu saa hivi zikashuka megawati kama 2,000. Huku kwetu kiwanda hulipia hata kilele chake cha mwezi, lakini mtu wa LUKU, anayenunua umeme kabla ya kuutumia, hulipa bei moja mchana na usiku, hivyo bei haimsukumi kupunguza saa za kilele. Mimi naona hapo pana kazi.

Halafu umeme ukikatika, zimeni viyoyozi na mafriji. Ukirudi, vyote vikiwaka kwa mpigo, fyuzi inakatika tena, na fundi ndiyo kwanza ameteremka ngazi.

Haya, maswali.