Mlima Hupandwa kwa Miguu: Mhadhara kwa Wanaoanza Kuendesha Pikipiki ya Theluji

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijasema lolote, nawaomba nyote msimame. Tanueni miguu kidogo, kunjeni magoti, nyosheni mikono kama mlioshika usukani. Sasa hamishieni uzito wote mguu wa kushoto. Mmeona? Kiuno ndicho kilichotangulia, mikono ikafuata. Haya, kaeni. Nimekuja kuzungumzia hasa jambo hilo: kuiongoza pikipiki ya theluji kwa mwili kabla ya mikono.

Anayeanza huketi kitini, akakaza mikono na kukata usukani kuelekea anakotaka kwenda. Kwenye njia iliyoshindiliwa mashine humtii. Akiingia kwenye theluji laini inayofika magotini, skii, yaani vile vyuo viwili virefu vya mbele vya kutelezea, huzama, usukani unakosa cha kung'ata, na mashine inajiendea zake. Mimi nilimaliza msimu mzima nikiamini nina injini dhaifu, kumbe nilikuwa nimekaa.

Itazameni mashine yenyewe. Ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini yake, kwa mashine za mlimani, huwa na urefu wa inchi 146 hadi 165 hivi, na meno yake hutokeza inchi 2.5 hadi 3. Ndio unaoelea juu ya theluji na kuisukuma nyuma. Skii za mbele nazo zimesogezwa karibu, kama inchi 36 kati yake, ilhali mashine za njiani huzidi inchi 40. Kwa nini zisogezwe hivyo? Ili mashine ilale ubavu kwa urahisi. Mwanafunzi akishajua kwamba mashine hii imeundwa ilale, nusu ya hofu humtoka.

Basi tuilaze. Chukua uwanja tambarare wenye theluji laini, bila miti. Unataka kukata kushoto. Simama, weka uzito wote kwenye kikanyagio cha kushoto, ule ubao wa kusimamia ulio ubavuni mwa mashine. Kata usukani kulia, ndiyo, kulia, huku ukiuvuta kuja upande wako, na papo hapo bonyeza mafuta mara moja kwa kidole gumba. Skii ya kulia itanyanyuka na mashine italalia ubavu wa kushoto. Hapo inazunguka kushoto yenyewe, na kazi yako ni kuishikilia palepale: ikitaka kuangukia kwako zaidi, ongeza mafuta kidogo na sogeza kiuno kuelekea katikati ya mashine, ikitaka kusimama wima, rudisha uzito nje, upande wa kushoto. Rudia mpaka mwili ufanye bila kuulizwa, halafu hamia upande wa pili, kwani kila mtu ana upande wake mgumu. Kukata mlima kwa ubavu, yaani kuuvuka mteremko bila kupanda wala kushuka, ni zoezi hilihili, ila upande unaoulalia ndio wa kilimani, na skii zinaelekea chini kidogo.

Sasa kurekebisha mashine ikutoshe. Wengi huanza na injini. Anza na mwili wako. Simama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, mikono iangukie kwenye usukani bila mgongo kupinda. Kama lazima uiname, usukani uinuliwe. Wenzo wa breki uuzungushe chini kidogo ufuate mstari wa mkono wako uliosimama. Ni kazi ya dakika chache kwa spana moja, na inabadilisha siku nzima.

Kisha springi na shokapu, zilingane na uzito wako ukiwa na begi mgongoni. Ndani ya mkanda, upande wa mbele, kuna mshipi mfupi unaozuia mashine isiinue pua. Ukiukaza, skii hukaa chini unapopanda. Ukiulegeza, pua huinuka haraka. Anayeanza akiona pua inamtoroka, akaze tundu moja, aende akaijaribu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu, karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo vizito vya klachi, vile vyuma vidogo vinavyoamua injini izunguke kasi gani, vifuate mwinuko unaoendeshea. Bonyeza mafuta yote, soma mizunguko kwenye dashibodi, linganisha na kitabu cha mashine. Tena angalia joto: injini hizi hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda chini ya kiti. Kwenye barafu ngumu hairuki theluji, na joto hupanda haraka. Shusha vijiti vya kukwaruza barafu ili virushe chembe zake chini ya kiti, au ingia pembeni penye theluji laini. Beliti ya akiba, ile ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda, isikose kamwe.

Utakwama. Ukihisi mkanda unachimba, achia mafuta mara moja. Kila sekunde unayong'ang'ania inakuongezea dakika za koleo. Chimba theluji iliyobanwa chini ya vikanyagio, vuta skii zielekee bondeni, kanyaga theluji ya mbele iwe ngumu, ndipo uondoke taratibu.

Nimeliweka hili mwishoni nikitaka mtoke nalo. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na hiyo ndiyo miteremko inayotuvutia. Soma taarifa ya maporomoko kabla ya kuwasha. Kila mtu awe na kifaa cha kurusha mawimbi ya kumtafutia akifukiwa, kimefungwa mwilini na kimewashwa. Koleo na ufito wa kutafutia viwe begini mgongoni, visibaki kwenye mashine, maana mashine inaweza kufukiwa nawe ukabaki juu. Aliyefukiwa huokolewa na wenzake walio naye, kwani nafasi yake ya kuishi hushuka vibaya baada ya dakika 10 hadi 15. Apande mmoja tu kwa wakati, wengine wasubiri pasipofikiwa na maporomoko, mashine zimeelekezwa njia ya kutokea. Na mwenzako akikwama katikati ya mteremko, usimfuate juu. Najua moyo unavyokutuma. Uzito wa mashine ya pili unaweza kuukata mteremko wote ukawashukia nyote wawili.

Mashine iko hapa mbele, imezimwa. Njooni mmoja mmoja. Ukifika, kwanza funga kamba ya kuzimia injini kwenye koti lako, kisha panda kikanyagio cha kushoto, simama, nami nitaishika upande wa pili wakati unailaza.