Lwera kwa Miguu

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na njia ya Masaka. Ukitoka Kampala, ukishapita Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, unaingia Lwera: kinamasi na nyasi mpaka macho yachoke. Basi huivuka kwa nusu saa hivi, kisha ni Lukaya, wachuuzi wanalikimbilia na mishikaki na gonja, ndizi, za kuchoma. Siku moja nilipoinua kichwa, Lukaya ilikuwa imebaki nyuma. Mchuuzi alikuwa amegonga dirisha langu, ameniita, wala sikusikia. Aliyenieleza ni jirani yangu, gonja mkononi.

Nilikuwa wapi? Lwera hiyohiyo, lakini mwaka 1750. Nilikuwa nasoma Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi iliyotoka mwaka 2014, nikitembea na msafara wa Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu, aendaye kumsujudia Kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda, Kyabaggu. Njiani Kalema, kijana ambaye Kintu alimlea kama mwanawe, anachukua kibuyu cha Kintu na kunywa. Kintu anamzaba kofi. Kofi moja tu, la kumtia adabu. Kijana anaanguka, hainuki tena. Laana ya kofi lile inaufuata ukoo mpaka Kampala ya mwaka 2004.

Shuleni niliwakariri Makabaka kama hesabu za kuzidisha, na Kyabaggu alikuwa jina katikati ya majina. Humu kitabuni kuna watu wanaomwendea kwa miguu huku matumbo yakiwacheza kwa hofu. Kofi ni la kutunga, najua. Basini sikujua: koo lilinikauka, na chupa yangu ya maji ilikuwa mapajani. Utamu wenyewe ndio huo, jamani, mwili wako unakwenda huko bila kukuaga.

Tena wewe msomaji unajua Waingereza wako njiani, Kintu hajui. Unatamani kumpigia kelele. Makumbi naye anauruka ukoloni karibu wote, na mimi naona alifanya vema, maana Buganda yake haimngoji mgeni ndipo ianze kuwa na historia.

Juzi nilipita tena, bila kitabu. Malori ya mchanga, mashamba ya mpunga. Kutoka Kayabwe nilibandika uso kwenye kioo, nikitafuta kivuli ambapo wangeweza kumlaza yule kijana.