Kutoka Bruxelles hadi Pont du Gard kwa gari, na maneno yangu kwa familia za Lubumbashi zinazosafiri vakansi hii

Jambo yenu bandugu zangu wa Lubumbashi! Wa Kamalondo, wa Katuba, wa komine yetu ya Kenya, wa Ruashi, wa Kampemba, na ninyi wa Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa, jambo yenu wote. Hizo kelele mnazosikia nyuma yangu ni nyenze. Huku kusini mwa Ufaransa kipindi cha joto wanalia kutwa nzima mitini, mtanivumilia tu. Tumefika jana jioni. Watoto wako mtoni na shangazi yao, baba yao bado amelala, nami nimepata kivuli kizuri cha kuongea nanyi.

Wengi mmeniandikia: yaya, tuonyeshe vakansi. Nitawaonyesha, msiwe na haraka. Lakini leo nataka tuongee barabara. Huko nyumbani shule zimefungwa, ni kiangazi, njia zimekauka, na familia nyingi zinapanga kwenda Likasi, Kolwezi, Kasenga, hata Pweto. Mimi nikiwa huku simu ikilia usiku msimu huu, moyo unashtuka kabla sijaiangalia. Ninyi wenyewe mnajua kwa nini: ajali za barabarani.

Njia yetu ni ya karibu kilomita 1,000. Unatoka Bruxelles, unapita Namur na Arlon, unaingia Luxembourg. Pale Berchem kuna stesheni ya mafuta ambayo gari za nchi zote za jirani zinapigania kuingia, maana mazutu na esansi ya Luxembourg huwa nafuu. Baada ya hapo ni Metz, Nancy, Dijon, Beaune, Lyon, na kutoka Lyon unateremka na mto Rhône kwa ile autoroute, barabara kuu ya mwendo kasi, inayoitwa Autoroute du Soleil, hadi kusini. Peaji, yaani malipo ya kupita barabarani, ya Ufaransa haifanani na yetu. Unapoingia unachukua tiketi, unapotoka unalipa kulingana na kilomita ulizotembea, na jumla yake inauma. Ila kwa pesa hiyo unapata pa kupumzikia njia nzima: choo, maji, meza chini ya miti, uwanja wa watoto kukimbia. Hukai muda mrefu barabarani kabla ya kukuta pengine.

Hatari ya kwanza ya safari hii ni siku unayoondoka. Wafaransa wana huduma ya serikali inaitwa Bison Futé, ilianza mwaka 1976, baada ya wikendi moja ya Agosti 1975 ambapo foleni za nchi nzima zilifika kilomita 600 zikijumlishwa. Tangu hapo kila siku ya vakansi inapewa rangi kulingana na ukubwa wa foleni: kijani, machungwa, nyekundu, nyeusi. Jumamosi nyeusi ni ile ya mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, wa Julai wanarudi nyumbani na wa Agosti wanaondoka, wote wanakutana Lyon kwenye handaki la Fourvière. Sisi tuliondoka Jumanne alfajiri, na mume wangu aliomba ruhusa kazini kwa ajili ya hiyo tu. Pia msimu huu kuna Jumamosi ambazo kamiyo kubwa zinakatazwa kutembea mchana, ili familia zipite. Hebu fikirieni barabara ya Likasi Jumamosi moja bila kamiyo za madini!

Sasa nisikilizeni hapa, ba mama na ba papa. Karibu na Beaune, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1982, mvua inanyesha, gari nyingi barabarani, mabasi mawili na gari ndogo ziligongana zikashika moto. Walikufa watu 53, wengi wao watoto waliokuwa wanapelekwa kambi ya vakansi milimani. Kila tukipita hapo nazima muziki. Lakini tazameni walichofanya baadaye: kila mwaka, siku ya msongamano mkubwa wa vakansi, mabasi ya kusafirisha watoto kwa makundi hayaruhusiwi kwenda mbali. Watu walilia, kisha wakaandika sheria, na sheria hiyo inafanya kazi hadi leo, zaidi ya miaka 40.

Sisi pia tumelia. Februari 2019, pale Kabwe, kati ya Kolwezi na Lubumbashi, lori la asidi liligongana na magari mengine likapinduka, na watu wasiopungua 18 wakafa, wengine waliunguzwa na asidi yenyewe. Hiyo ndiyo njia ambayo familia zenu zitapita mwezi huu. Mkiona kamiyo ya asidi mbele yenu, mwambieni shofa abaki nyuma mbali. Msione haya. Abiria amelipa, ana haki ya kusema.

Hatari ya pili ni usingizi, na huo ndio unaoniogopesha kuliko mwendo kasi. Huku kwenye autoroute unaruhusiwa kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110, na barabara imenyooka kiasi kwamba usukani haukudai kitu. Macho yako wazi lakini kichwa kimeshaondoka. Ukijiuliza kibao ulichopita sasa hivi kiliandikwa nini na hukumbuki, ujue umeshaanza kulala. Kufungua dirisha hakusaidii. Kuongeza muziki hakusaidii. Kinachosaidia ni kusimama, kunywa kahawa, kufunga macho dakika 15 au 20. Vibao vyao vinasema kila masaa mawili pumzika, na sisi tunafuata hivyo hivyo, hata kama watoto wanalia kwamba wanataka kufika.

Kwa shofa wa kamiyo za Ulaya jambo hili halikuachwa kwa hiari yake. Akiendesha masaa manne na nusu lazima apumzike dakika 45, na ndani ya gari kuna chombo kinachoandika kila kitu. Polisi akimsimamisha anakisoma. Sasa mfikirie yule kaka yetu aliyekaa siku kadhaa kwenye foleni ya Kasumbalesa, analala kwa kujikunja kwenye kiti, anasogeza gari hatua mbili kila saa, halafu mpaka unafunguka na bosi anampigia simu afike Kolwezi kabla ya asubuhi. Simlaumu yeye. Ila nawaambia ninyi: msisafiri usiku kwenye njia moja naye.

Ya tatu ilitupata wenyewe. Tulikuwa tumepita Valence, jua la saa nane mchana, gari imejaa mizigo hadi juu, na tairi la nyuma likapasuka. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, hakupiga breki kwa nguvu, akaacha gari ipungue yenyewe hadi upande wa dharura. Kabla hajazima injini alikuwa ameshasema: kila mtu atoke upande wa kuume! Shemeji yangu akafungua mlango, tukavaa zile jile za njano, vizibao vya kuonekana na madereva, maana tunaziweka ndani tulipokaa, si nyuma chini ya masanduku. Tukamrusha mtoto mdogo juu ya chuma cha pembeni, na sisi tukaruka nyuma yake, tukapanda kwenye majani mbali kidogo. Maji tuliyasahau garini. Mtoto analia kiu, na maji tunayaona pale kwenye kiti, hatua kumi tu. Mume wangu akakataa katakata mtu kurudi. Dakika hiyo ikapita kamiyo ndefu, na gari yetu iliyosimama ikatikisika yote, mlango ukajifunga wenyewe kwa upepo.

Tulipiga 112. Kuna pia simu za rangi ya machungwa kando ya barabara kila kilomita mbili, na hizo zinasaidia zaidi maana zinawaonyesha mahali ulipo. Watu wa doria walikuja na gari lenye mshale mkubwa wa taa, wakafunga njia, kisha akaja fundi wa kuvuta. Hapo hauwezi kumwita fundi rafiki yako, lazima awe yule aliyeruhusiwa kwa barabara hiyo, na bei yake imepangwa na serikali. Kitu kingine: pembetatu hatukuweka, kwa sababu kwenye autoroute ya Ufaransa kama kuiweka kunahatarisha maisha yako, sheria inakusamehe. Mtu kwanza, chombo baadaye.

Nilipokuwa nimekaa pale kwenye majani niliwaza nyumbani. Gari ikiharibika njia ya Likasi, abiria wanashuka na kukaa wapi? Kwenye kivuli cha gari yenyewe! Ukingoni mwa lami, wengine wanaegemea tairi, mama ananyonyesha pale pale. Shofa anakata matawi ya miti anaweka nyuma ya gari hatua chache. Matawi ni kitu kizuri, wazee walituachia akili hiyo. Lakini yawekwe mbali, mbali kabisa, kabla ya kona na si baada ya kona. Na gari likipona yaondolewe, pamoja na yale mawe ya kuzuia tairi. Jiwe lililoachwa katikati ya lami na kamiyo iliyoondoka mchana linamsubiri mtu wa pikipiki wa usiku.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo nililiona pia huku, likanigusa. Vakansi zikianza, Waingereza wanavuka bahari na gari zao zenye usukani kuume, wanateremka nasi hadi kusini. Gari nyingi za Lubumbashi ni za aina hiyo, wakati sisi tunaendesha upande wa kuume. Shofa anakaa upande wa mtaro, akitaka kuipita kamiyo haoni kitu, basi anatoa nusu ya gari njiani ndiyo aangalie. Au anamtegemea aliyekaa mbele kushoto: pita, pita, subiri, rudi! Nimekaa kiti hicho nikiwa msichana. Mwingereza wa huku anaweza kukosea bila kufa, kwa sababu katikati kuna ukuta na hakuna gari inayomjia usoni. Kwetu hakuna ukuta. Na kiangazi kwenye njia za udongo vumbi la kamiyo linafunika mita nyingi, unaingia ndani yake hujui nani anatoka upande wa pili. Dakika tano za kubaki nyuma ya kamiyo hazijawahi kuharibu vakansi ya mtu.

Haya, vakansi yenyewe. Hapa tulipo ni karibu na Pont du Gard. Lile daraja mnaloliona kwenye picha lilijengwa na Waroma karibu miaka 2,000 iliyopita kupeleka maji mji wa Nîmes. Ni ngazi tatu za matao, urefu wake kwenda juu ni karibu mita 49, na UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985. Chini yake unapita mto Gardon, maji safi, mawe makubwa meupe, watu wanaoga. Tumekuja na ndakala zetu, wale samaki wadogo wakavu, na unga wa bukari kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo pale Bruxelles, na jana usiku majirani wa kambi walikuja kuuliza harufu hiyo ni ya nini. Tukawapa. Walimaliza sahani.

Onyo dogo kwa ndugu zetu wa Ulaya wanaonitazama: kwenye sehemu za mapumziko za kusini kuna wezi. Mmoja anakuonyesha kwamba tairi lako lina shida, unashuka kutazama, mwenzake anachukua mkoba upande wa pili. Ukishuka, funga milango yote, hata kama unazunguka gari tu.

Sasa ombi langu. Mwakani nataka kuleta watoto nyumbani wakati wa kiangazi, na nimewaahidi maporomoko ya Lofoi. Nimewaambia maji yanaanguka zaidi ya mita 300 ndani ya Kundelungu, na hakuna daraja la Mroma litakalowashangaza baada ya hapo. Kama hali ya njia itakubali tupitie na Kiubo kwenye mto Lufira. Mwenye kujua shofa anayekubali kusimama kila masaa mawili na kulala usiku, mwenye gari la usukani wa kushoto, matairi mapya, aniandikie hapo chini na bei yake. Nitamlipa na siku za kupumzika. Na ninyi mnaoondoka Jumamosi hii, niandikieni mnatoka saa ngapi na mnakwenda wapi, na mkifika niandikieni tena.