Daraja Lililocheza Ngoma

ZUHURA: Kaka Baraka, ile video uliyonitumia usiku nimeitazama mara tatu. Barabara inapanda na kushuka kama mkeka unaokung'utwa, na magari yapo juu yake!

BARAKA: Hiyo ni Volgograd, Urusi, jioni ya tarehe 20 Mei 2010. Daraja la mto Volga. Lilifunguliwa Oktoba 2009, yaani hata mwaka halijatimiza.

ZUHURA: Mimi nikasema papo hapo: hapa kuna mtu kala hela ya chuma.

BARAKA: (Anacheka) Hukuwa peke yako. Lakini walipolikagua hawakuona nyufa, likafunguliwa tena baada ya siku chache. Na upepo wenyewe haukuwa tufani. Hapo ndipo penye utamu.

ZUHURA: Sasa upepo wa kawaida unatikisaje maelfu ya tani?

BARAKA: Umeshamsukuma mtoto kwenye bembea? Hutumii nguvu. Unangoja irudi, unaigusa, inakwenda. Inarudi, unaigusa tena. Upepo ukilipita daraja huacha visulisuli nyuma yake, kimoja juu, kimoja chini, kwa zamu, na kila kimoja kinalivuta daraja kidogo. Kila daraja nalo lina mwendo wake wa kuyumba. La Volgograd ni la polepole, sekunde moja inapita halijamaliza kupanda na kushuka mara moja. Siku zamu za visulisuli zikiangukia kwenye mwendo huo, bembea imepata msukumaji.

ZUHURA: Si waliongezee chuma likaze?

BARAKA: Utaongeza uzito na gharama, na nguzo zilishasimama. Walichofanya, 2011 waliweka vizuizi 12 vya mtikisiko. Kila kimoja ni uzito wa tani kama tano hivi, umekalia springi, na pembeni yake kuna kitu cha jamii ya shokapu.

ZUHURA: Ngoja. Tani tano, kwa lile daraja? Hiyo si chumvi ya kijiko kwenye sufuria ya shughuli?

BARAKA: Kwa kawaida vizuizi vyote pamoja havizidi asilimia chache za uzito unaoyumba. Kazi iko kwenye kulinganisha. Springi huchaguliwa ili ule uzito uyumbe kwa mwendo uleule wa daraja, ila kwa kuchelewa. Daraja likifika juu kabisa, uzito ndio kwanza uko nusu ya safari. Kwa hiyo kila saa unalivuta kinyume na linakoelekea. Daraja linatulia, uzito ndio unaohangaika, na shokapu inaumeza ule mhangaiko na kuugeuza joto.

ZUHURA: Maskini, kazi yake kuyumba kwa niaba ya mwenzake.

BARAKA: Ndiyo hiyo. Na si wazo la jana. Hermann Frahm, mhandisi wa meli Mjerumani, aliliombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1909. Huyo pia ndiye aliyehangaikia meli zinazolala ubavu baharini. Daraja la Rio–Niterói kule Brazili, lenye umbali wa meta 300 kati ya nguzo za katikati, lilifunguliwa 1974, likavumilia upepo miaka thelathini hadi lilipowekewa vizuizi vyake 2004.

ZUHURA: Sasa springi umeshaichagua, umeifunga. Daraja likibadili mwendo?

BARAKA: Swali zuri, maana la Volgograd lina zaidi ya mwendo mmoja wa kuyumba. Ndiyo maana shokapu zake zina kimiminika chenye chembechembe za chuma. Umeme ukipita kwenye koili ya shokapu unazaa nguvu ya sumaku, nacho kinakuwa kizito; ukipunguza umeme kinalegea. Mtambo unapima daraja linavyoyumba, kisha unakaza au kulegeza.

ZUHURA: Na umeme ukikatika?

BARAKA: (Anacheka) Nilijua tu! Uzito na springi havihitaji umeme, vinaendelea kuyumba. Na kimiminika hakiwi maji, bado kinakwamisha kidogo. Kinachopotea ni ule ufundi wa kujirekebisha.

ZUHURA: Basi ningepita. Lakini mchana, na wewe ukiwa mbele.