Mafuta ya karafuu: tone linalozama na tone linaloelea

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za mchana. Asanteni kwa kuja, najua kuna waliopanda haisi asubuhi kutoka Marangu na Kibosho. Niliombwa niongelee mafuta ya mimea ya tiba, nikaona nikiyapitia yote tutalala hapa, kwa hiyo leo ni moja tu, karafuu, maana kwenye duka langu la dawa hapa Moshi hakuna linaloulizwa kama hilo, mtu anaingia kashika shavu, kuongea hawezi, anaonyesha tu kidole, nipe yale ya jino.

Wa nyuma sogeeni muone hii glasi ya maji. Chupa hii nimeletewa kutoka Pemba. Nadondosha tone, nakoroga kidogo na kijiti ili lisinate juu... mmeona? Limeshuka, limetulia chini kama kishanga cha njano. Sasa hii nyingine nimenunua wiki iliyopita hapa hapa mjini, lebo nzuri, picha ya karafuu, na ukinusa inanukia kabisa. Nadondosha, nakoroga... linaelea. Limetanda juu kama mafuta ya supu.

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, lita moja inafika kama kilo 1.05, wakati alizeti, nazi, pamba, yote ya jikoni ni mepesi lazima yaelee. Kwa hiyo hiyo chupa ya pili kuna mtu kachukua mafuta ya kula akaweka karafuu kidogo ya harufu, na mgonjwa wa jino kalipia dawa. Inaniuma sana hii jamani, kwa sababu anayenunua ana maumivu na hela yenyewe kaikopa.

Ila msije mkasema tone likizama basi yote safi. Mafuta ya majani ya mkarafuu nayo yanazama, ya makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu, nayo, na ni ya bei ya chini kuliko yale ya karafuu zenyewe, mtu anaweza kukuuzia haya kwa jina la yale na glasi isikwambie kitu, hapo mpaka maabara. Kwa hiyo soma lebo, itaje mmea na sehemu iliyokamuliwa, na chupa iwe ya kioo cheusi maana mwanga na hewa vinayaharibu, yanageuka kahawia. Ya kwenye kichupa cha plastiki laini mimi sinunui, haya mafuta yanakula plastiki. Na wenzetu wa Pemba hawatupi kitu, yale makonyo yanayobaki wakishachambua karafuu yanapelekwa kiwandani Chake Chake yanapitishwa mvuke, mafuta yanatoka.

Sasa kwa nini yanatuliza jino? Ndani yake kuna yujenoli, kwa kawaida ndio sehemu kubwa, asilimia 70 mpaka 90. Hiyo inatia ganzi mshipa wa fahamu na inaua bakteria. Ile harufu unayokutana nayo kwa daktari wa meno ndiyo hiyo, wanaichanganya na unga wa zinki oksaidi wanaziba jino kwa muda. Kwa hiyo bibi zetu hawakukosea.

Lakini dawa hii inayotia ganzi inaunguza pia. Nikiwa darasa la sita nilipakwa yakiwa makali hivyo hivyo bila kuchanganywa, jino likatulia kweli, asubuhi fizi imekuwa nyeupe na ngozi inabanduka, nikashindwa kula hata ndizi laini siku tatu. Changanya, tone 2 au 3 kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba kidogo, gusa jino lenyewe, mate tema. Mtoto mdogo usimpake kabisa na chupa iweke mbali naye, kuna watoto waliokunywa kijiko kimoja au viwili tu ini likaharibika wakalazwa mahututi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini aulize kwanza.

Na kuna mama kaniuliza pale mlangoni kama yanaondoa rangi ya kahawia kwenye meno. Hapana mama yangu, hiyo kwetu huku mara nyingi ni floraidi ya maji, Arusha na pande hizi za Meru imezidi kwenye visima vingi, na magadi tunayopikia yanaongeza. Rangi hiyo iliingia jino likiwa bado linaumbika, hakuna cha kupaka. Na jino lenye tundu hata likinyamaza wiki nzima kwa karafuu, tundu bado lipo linachimba, nenda ukatibiwe.

Haya, naona wengi mmekuja na vichupa vyenu kama nilivyoomba. Glasi ziko sita hapa mezani, maji masafi, vijiti hivi hapa. Tuanze na dada mwenye kitenge cha bluu, lete chako tudondoshe.