Umefuga Nani Humo Ndani?

Mtu akiniuliza aweke chumvi kiasi gani kwenye tangi lake la kufugia viumbe wa baharini, humjibu kwa swali: umefuga nani? Nimelisema hili mara nyingi na leo narudia, kwa sababu wanyama bado wanakufa.

Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Kwenye haidromita, kipimo kinachoonyesha maji ni mazito mara ngapi kuliko maji safi, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, hiyo ni 1.026. Wauzaji wengi wa samaki huweka 1.020. Wana sababu zao: chumvi inatumika kidogo, vimelea vinapungua, na samaki wanavumilia. Samaki wa baharini ana damu yenye chumvi kama theluthi tu ya ile ya maji yanayomzunguka. Anakunywa maji kutwa na kuisukuma nje chumvi ya ziada kupitia matamvua. Ana mitambo ya kujitetea.

Kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, hana. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Miaka ya mwanzo nilinunua mmoja, mwekundu, mzima kabisa. Niliuacha mfuko wake uelee tangini nusu saa ili joto lilingane, nikamtoa, nikamweka. Siku ya pili ncha ya mkono mmoja ikapauka. Kesho yake ngozi ikachanika pale pale, kikatoka kitu cheupe kama uji, na mkono ukakatika. Kabla wiki haijaisha hakubaki wa kuokoa. Nilikuwa bado na maji ya ule mfuko kwenye ndoo, nikayapima: 1.020. Tangi langu lilikuwa 1.026. Mnyama huyu hana figo, na umajimaji wa mwilini mwake hufuata chumvi ya maji aliyomo. Mimi nilimbadilishia bahari kwa dakika moja. Siku hizi namdondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, saa kadhaa, na sichoki kusubiri.

Najua kuna atakayesema, "Mbona matumbawe yangu yako 1.020 na yanaishi?" Yanaishi, ndiyo. Lakini ukipunguza chumvi hupunguzi chumvi peke yake. Kalisiamu ya bahari ni takriban miligramu 420 kwa lita, kwenye 1.020 inashuka hadi kama 320, na magnesiamu inashuka nayo. Tumbawe linajenga mifupa kwa hiyo hiyo kalisiamu. Halafu mtu ananunua chupa za dawa kuziba pengo alilolifungua mwenyewe!

Kwa hiyo mwenye matumbawe, kamba au kiti cha pweza akae kwenye gramu 35, yaani 1.026. Mwenye samaki watupu anaweza kushuka kidogo, sina ugomvi naye. Samaki wa Bahari ya Shamu wametoka kwenye gramu 40 hivi, nao huzoea 35 wakishushwa polepole.

Uvukizi nitaupitia haraka. Maji hupaa, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10, unatoka 35 unakaribia 37. Fidia kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Kuna watu wanafidia kwa maji ya chumvi, tafadhali acheni.

Matibabu ya chumvi ndogo, ile 1.009 ya kuua vimelea vya madoa meupe, ni ya tangi la wagonjwa lenye samaki peke yao. Nilikusudia kulieleza kwa kirefu ila muda umenitupa mkono.

Lililobaki ni vipimo. Haidromita ya mshale ikishikwa na kiputo kimoja tu cha hewa hupandisha namba. Rifraktomita, vile vipimo vinavyosoma chumvi kwa mwanga, nyingi husawazishwa kwa maji safi, zikasoma sifuri vizuri na bado zikakosea kwenye 35. Niliwaambia mje na vyenu. Hapa mezani nina chupa ya maji ya gramu 35 kamili. Piteni mmoja mmoja, tuone kila kipimo kinasoma ngapi.