Nyanya iliyotolewa breki

Haya jamani, walio nyuma sogeeni, hii spika inakwaruza. Naanza na nyanya maana hapa Tengeru nikianza na sayansi nusu yenu mtaondoka, tayari naona mama mmoja pale macho yako kwenye matenga yake.

Mwezi wa tisa 2021 Japani walianza kuuza nyanya iliyohaririwa jeni. Jeni, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe, sio jini, msije mkasema nimeleta majini sokoni. Nyanya yoyote ina kitu kinaitwa gaba, wenyewe wanasema kinasaidia presha, hata ya kwetu Ngarenanyuki inayo, ila mmea una kama breki inayokizuia kisizidi, sasa wale jamaa wakachukua mkasi wa maabara, krispa, wakakata pale kwenye breki na gaba ikapanda mara nne mara tano. Kwenye nyanya yenyewe hakikubaki kitu cha kiumbe kingine, na hapo ndo inapoachana na GMO mnayoisikia, ile inayopachikwa jeni ya kiumbe kingine.

Mi kwa hilo sina ugomvi. Ninachouliza ni nani anakatiwa. Marekani 2019 walitoa mafuta ya soya iliyohaririwa hivyo hivyo jeni, 2023 wakaleta majani ya haradali yaliyopunguzwa ukali eti yalike kama saladi. (Kicheko.) Sisi mnafu tunaufuata uchungu wake! Yaani hivyo vyote vitatu ni vya mtu ambaye chakula anacho tayari, anachagua tu. Huku mkulima analia na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, anapiga dawa wiki hii, wiki ijayo anapiga tena, na bado nyanya zinatobolewa, mbegu iliyokatwa kwa ajili ya huyo mdudu mi dukani sijaiona.

Mtaniuliza nyanya iliyohaririwa tutaijuaje. Kwa macho huijui, ukionja huijui, hata maabara inaweza kukwama, maana mkato wa hivyo unaweza kutokea wenyewe shambani. Japani sheria hailazimishi lebo. Kenya walitoa mwongozo wao 2022, wanaangalia mbegu moja moja. Sisi serikali ilisimamisha majaribio ya GMO pale kituo cha utafiti Makutupora, Dodoma, 2018, lakini mpaka wa Kenya, Namanga, ni hapo tu na mbegu inaingia kwenye mfuko wa suruali.

Mi naomba pakiti iandikwe, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo yule mama wa matenga atasoma bila kuazima miwani. Haya maswali, wewe wa kofia ya kijani anza.